Cherehani Iliyoangalia Ukuta

Njoroge, aliyekuwa mshirika wangu dukani, ameniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kuuza vitu vya zamani, ili vijana wanaoingia kwenye kazi hii wajifunze. Anataka kuyaweka kwenye ukurasa wa duka pamoja na picha yangu nikitabasamu. Picha hatapata. Maandishi ndiyo haya, na asipunguze hata neno moja.

Jina langu ni Ouma. Duka liko Kawangware, karibu na steji ya matatu inayoitwa 56, limebanwa kati ya saluni na hardware. Ukipita haraka utadhani ni mahali pa kutupia takataka, na wengi wamewahi kututupia kweli. Ndani kuna pasi za makaa, redio za mbao, taa za chemni, masanduku ya bati, simu za kuzungusha kwa kidole, birika za enameli na cherehani. Jumamosi watu huja kuzurura. Wanashika hiki, wanainua kile, wanauliza kama bado kinafanya kazi, kisha wanaenda zao. Sijawahi kuwachukia watu wa kuzurura. Wengi wao hawakuja kununua, walikuja kutafuta nyumba ya nyanya yao, na wakiikuta kwenye kifuniko cha birika wanasimama hapo wakikipapasa. Waacheni wasimame. Msiwaulize kama mnaweza kuwasaidia.

Kuhusu mapato sina la kusema. Nilikula, watoto walisoma, basi.

Nilikuja Nairobi kutoka upande wa ziwa nikiwa kijana, nikafikia kwa binamu yangu Soweto West, Kibera, nikawa nafanya kazi za mjengo zikipatikana. Kazi hii niliingia kwa sababu ya kabati. Mama mmoja aliyeitwa Nekesa alitaka mtu wa kumbebea kabati zito kutoka kwa lori hadi kwenye kibanda chake cha mabati Kawangware. Nilibeba, nikakaa nipumzike, na kabla sijamaliza kufuta jasho nikaona jambo ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote.

Bwana mmoja alishuka kwenye gari, mtu mnene mwenye saa kubwa, akazunguka zunguka kibandani kisha akanyoosha kidole nyuma kabisa.

"Mama, hiyo redio ya mbao unauza aje?"

"Hiyo haiuzwi," Nekesa akamjibu bila kugeuka.

"Si iko kwa duka?"

"Iko kwa duka, lakini imeangalia ukuta."

Yule bwana akacheka, akadhani anafanyiwa mzaha. Akataja bei. Akaipandisha. Nekesa akachukua ufagio akaanza kufagia miguuni pake, akimsogeza kidogo kidogo hadi akajikuta nje barabarani karibu na gari lake. Mimi niliona mwanamke mwendawazimu anayefukuza pesa. Nikamuuliza.

"Wewe umetoka ushago kwenu jana, ndio maana," aliniambia, na akanieleza. Kitu kinachoangalia ukuta kina mwenyewe. Labda mwenyewe amesafiri kwenda matanga, labda ni mgonjwa, labda ni mjane ambaye hajaamua. Amekuachia umtunzie. Ukikipokea unakigeuza kiangalie ukuta, na hapo mazungumzo yamekwisha. Hakuna karatasi wala kibandiko. Wafanyabiashara wote wa vitu vya zamani kuanzia Kawangware hadi Kibera waliijua sheria hiyo, hata wale wezi wezi ambao wangekuuzia birika iliyozibwa tundu kwa sabuni. Walikuibia vyote vingine, lakini kilichoangalia ukuta hawakukigusa. Ile redio ilikuwa ya Nekesa mwenyewe. Mume wake aliisikiliza hadi siku aliyokufa, na baada ya hapo hakuna mtu aliyeiwasha tena.

Kesho yake nilirudi, na sikurudi tena kwenye mjengo.

Nekesa alikuwa na mdomo mkali na mkono mwepesi zaidi wa kazi. Alinifundisha kwamba kitu cha zamani hukiangalii usoni, unakipindua. Uso unaweza kupakwa rangi, lakini chini hakuna mtu anayejisumbua. Alinipa vifaa ambavyo bado ninavyo: mswaki uliochoka, kitambaa cha pamba, kichupa cha mafuta ya taa, kurunzi, spana moja na sumaku. Sumaku ni ya watu wanaokuletea shaba ambayo si shaba. Ikinasa, unamrudishia mtu kitu chake kwa heshima na kumuuliza hali ya watoto.

Sheria yake nyingine ilikuwa kutosugua. Vijana wa leo mnasugua kila kitu mpaka kinang'aa kama sufuria ya harusi. Nekesa akiniona na steel wool mkononi alikuwa akininyang'anya. "Huo weusi ndio mtu," alikuwa akisema. "Ukisugua, unabaki na chuma tu. Chuma iko kwa hardware hapo nje, nenda ununue."

Kuna visa nilivyovipenda. Mzee mmoja wa mtaa wa Ayany alileta saa ya ukutani, akaapa kwa jina la Mungu kwamba ilikuwa ya babu yake, aliyopewa na mzungu aliyekuwa mwajiri wake zamani za ukoloni. Niliipindua. Skrubu zote zilikuwa za nyota, mpya, na ndani kulikuwa na nafasi ya betri. Nilimwambia babu yake alikuwa mtu wa maono sana. Akacheka hadi akakohoa, tukanywa chai, na saa akaenda nayo.

Visa vingine sikuvipenda. Wenye ploti wa Kawangware walipoanza kubomoa nyumba za mbao za wazazi wao ili wajenge nyumba za kupangisha, walirusha nje vitu vya maisha mazima ya watu kama maganda ya ndizi. Siku moja niliitwa, nikafika moto ukiwa umeshawashwa uani. Sanduku, viti, picha zenye fremu, vyote vinaungua, na mwenye ploti amesimama na simu anazungumza na fundi wa mawe. Nilimtukana yule mzee kwa Kiluo, kwa sababu Kiswahili hakikunitosha. Mwanawe ndiye aliyekuwa amepenya kwenye moshi akaokoa kiti cha nyanya yake, mguu mmoja ukiwa umeshika moto. Alikuwa anakipigapiga kwa sweta yake huku machozi yanamtoka, sijui ya moshi au ya nini. Huyo ndiye Njoroge. Nasema ukweli, siku hiyo nilimpenda.

Nekesa alipoondoka duniani aliniachia kibanda, vifaa na redio. Niliiacha pale pale, ikiangalia ukuta. Miaka ikapita, kibanda kikawa duka, na baba yake Njoroge alipofariki, Njoroge akarithi ploti ambapo duka linakaa. Angeweza kunifukuza aweke chipsi. Badala yake alikuja akasema, "Mzee, hii biashara naipenda. Tufanye pamoja." Alikuwa mtu mzima, ana mke, ana akili. Nikakubali kwa sababu ya kile kiti.

Nitakuwa mkweli: aliuza kuliko nilivyowahi kuuza. Alipiga picha kwa simu, watu wenye pesa wa Kilimani wakaanza kuja na magari yao. Lakini walikuja na lugha yao. Hawakutafuta pasi, walitafuta kitu cha kupandia maua. Taipureta wakaitoboa wakaifanya taa. Masanduku ya bati yakapigwa rangi ya pinki. Njoroge akajifunza kuloweka stuli mpya kwenye majani ya chai ili ionekane imekaliwa, na nikimuuliza aliikalia nani, ananijibu, "Mzee, watu hawanunui kiti. Wananunua story." Kila akilitamka hilo neno nilisikia meno yangu yakisagana. Nikajiambia biashara hubadilika na mimi ni mzee tu wa kulalamika.

Sasa nifike kwa Mama Pamela.

Mama Pamela ni fundi wa nguo Soweto West. Nilimjua tangu nikiwa kwa binamu, alitushonea suruali zetu za kwanza za mjini. Anashona yunifomu za shule, anapunguza, anaongeza, anageuza kola. Mkono wake wa kulia ulivunjika zamani ukaungwa vibaya, haushiki vizuri. Kwa hiyo cherehani ya kuzungusha kwa mkono hawezi. Lazima iwe ya miguu, ile yenye pedali chini, akanyage huku mkono wa kushoto ukiongoza kitambaa na ule mbovu ukilala tu juu ya chuma. Cherehani yake aliipata akiwa msichana. Ilikuwa na maua ya dhahabu yaliyochorwa mwilini kote, isipokuwa pale mkono wa kulia ulipolala. Pale yalikuwa yamefutika, pamebaki weusi mwororo kama jiwe la mtoni. Nilikuwa nikiitia mafuta kila mara, na sikuwahi kupita hapo bila kupapasa.

Mamake aliugua, Mama Pamela akaitwa nyumbani Siaya. Nyumba yake Kibera ilikuwa na mlango wa kusukuma kwa bega, akaogopa kuiacha cherehani. Tuliipakia kwenye mkokoteni, tukaileta dukani.

"Ouma, sijui nitakaa muda gani," aliniambia. "Lakini nikirudi ndio nitakula nayo."

"Nenda salama," nikamwambia. Nikaigeuza mbele yake, ikaangalia ukuta kando ya redio ya Nekesa. Akaitazama, akaridhika, akaenda.

Mamake alikufa, matanga yakawa marefu kama yanavyokuwa. Mimi nami nikalala na homa ya mapafu, nikakaa nyumbani. Njoroge alibaki peke yake dukani. Niliporudi, kando ya redio palikuwa na nafasi tupu. Palikuwa pamefagiliwa vizuri.

"Cherehani iko wapi?"

"Ile ya miguu? Niliuza, mzee!" Alisema akitabasamu, akidhani ananipa habari njema. "Kuna madam wa café alikuwa anatafuta miguu za kutengeneza meza. Nikaigeuza nikapiga picha, saa hiyo hiyo akatuma mtu."

"Ilikuwa imeangalia ukuta."

"Eeh, ndio maana hakuna mtu alikuwa anaiona."

Nilimuuliza kichwa kiko wapi, maana cherehani ni kichwa na miguu. Akasema madam hakutaka kichwa, alitaka miguu pekee. Kichwa kilikuwa kinachukua nafasi, akakipa mtu wa skrepu, anayenunua vyuma chakavu.

Nilitoka hapo mbio na mapafu yangu mabovu. Kwenye yadi ya skrepu walinionyesha mahali lori lilipokuwa limepakiwa. Mzigo wote ulikuwa umekwenda kuyeyushwa. Kijana wa mizani aliikumbuka. "Ilikuwa na maua maua, sivyo?" aliniuliza. Nilikaa chini kwenye vumbi.

Niliporudi, Njoroge alikuwa ameshaelewa amefanya nini, na alikuwa amejaa majuto. Lakini alisema neno ambalo hadi leo linanipandisha damu. Alisema, "Mzee, pole sana. Lakini si ungeandika tu *not for sale*?"

Miaka yote ile amekaa kwenye duka ambamo redio imeangalia ukuta. Ameifagilia chini, ameizunguka, ameona nikikataa bei za watu juu yake. Hakuwahi kuuliza kwa nini. Mtu anayeuza hadithi za vitu hakuwahi kuuliza hata moja ndani ya duka lake mwenyewe. Nilitaka kumpiga. Nilishika spana, nikaiweka mezani, nikaenda kusimama nje.

Mama Pamela alirudi siku chache baadaye, kichwa bado kimenyolewa kwa msiba. Hakunisalimia kwanza. Alienda moja kwa moja hadi ukutani, akasimama pale palipofagiliwa. Nilimwambia yote bila kupamba. Nilitarajia anilaani, na ningepokea. Akauliza jambo moja tu.

"Miguu iko wapi?"

Njoroge akatuelekeza, tukaenda wawili, mimi na Mama Pamela, spana yangu mfukoni. Café ilikuwa Kilimani, mahali pa mimea mingi na muziki wa chini chini. Miguu ya cherehani ilikuwa karibu na dirisha, juu yake wameweka marumaru nyeupe. Kijana mmoja alikuwa amekaa hapo anaongea kwa simu, na huku anaongea mguu wake unachezea pedali. Gurudumu linazunguka kwa kasi na halishoni chochote. Nilimwambia atoe mguu. Nadhani nilipiga kelele, maana muziki ulionekana kama umezimwa.

Mwenye café alikuja haraka, mwanamke mwenye adabu, na sina ubaya naye. Alinunua kwa mtu aliyemwuzia.

"Mzee, nilinunua vizuri, risiti niko nayo," alisema. "Na customers wanaipenda sana hii meza. Kila mtu anataka kukaa hapa. Iko na story."

"Ya nani?" Mama Pamela akauliza.

Mwenye café akageukia kaunta kutafuta risiti.

"Nauliza tu, madam. Hiyo story ni ya nani?"

Kisha Mama Pamela akavuta kiti alichokiacha yule kijana, akakaa, akavua viatu. Akaweka miguu juu ya pedali. Ile pedali ina nakshi ya chuma, na upande mmoja nakshi imelainika kabisa. Kisigino chake kiliingia pale kama mkono kwenye glavu yake. Akaanza kukanyaga, polepole, sawasawa, macho yake kwenye marumaru mahali sindano ingekuwa. Mkono mbovu ukajilaza wenyewe juu ya jiwe. Mwenye café aliinama akatazama ile miguu kwa muda, na aliposimama uso ulikuwa umembadilika.

"Lakini mimi nitaweka nini hapa dirishani?" aliuliza, na hakuuliza kwa ukorofi.

Nilijua jibu na nililichukia. Nilimwambia nitamletea redio ya mbao, ya zamani kuliko mimi, haijawahi kuguswa na fundi. Jioni ile ile niliigeuza redio ya Nekesa kutoka ukutani kwa mara ya kwanza tangu alipoiweka. Upande wa mbele mbao yake haikuwa imepauka hata kidogo. Nekesa angenitukana vibaya sana, na angeibeba yeye mwenyewe hadi Kilimani. Nilipoifikisha café, niliifungua ile marumaru kwa spana yangu, nati moja moja, wateja wakiwa wanakunywa kahawa, nikatoka na miguu ya Mama Pamela begani. Redio sasa iko dirishani na juu yake kuna chungu cha maua. Nilipita siku moja, nikaona, sijapita tena.

Ilibaki kichwa. Tulikuwa nacho kimoja dukani chenye kuingia kwenye miguu ile, kilichotoka kwenye nyumba ya tajiri mmoja kilikokaa sebuleni miaka yote, kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, hakijawahi kushona hata kifungo. Nilikifunga kwa mikono yangu mwenyewe pale nyumbani kwa Mama Pamela, nikaweka mkanda mpya wa ngozi, nikatia mafuta. Akapitisha uzi, akajaribu kwenye kitambaa chakavu. Mshono ulitoka safi.

Lakini mimi nilikuwa naangalia maua. Yalikuwa yamekamilika, dhahabu tupu kila mahali, hata pale pa mkono wake. Mtu yeyote wa biashara yetu angeruka kwa furaha kuona kichwa cha namna hiyo. Mimi sikuweza kuyafurahia. Mama Pamela aliniona ninavyotazama.

"Yatafutika tu, Ouma," alisema. Akaulaza mkono wake juu ya dhahabu, akaanza kukanyaga. Ile ya kwanza aliianza akiwa msichana. Sasa ana wajukuu.

Niliacha kazi wiki hiyo. Njoroge tangu hapo amebandika vikaratasi vya *not for sale* kwenye nusu ya duka, na anadhani amejifunza. Nyinyi mnaokuja nyuma yake, kabla hamjapiga picha ya kitu chochote, ulizeni kwa nini kimekaa kilivyokaa.

Na kuhusu hiyo picha unayoitaka, Njoroge. Nenda Soweto West. Muombe Mama Pamela ruhusa, na akikukubalia, piga yale maua ya dhahabu. Yapige karibu, yaonekane yote, hakuna hata moja lililofutika. Weka hiyo badala ya uso wangu.